Kuita, Kuitwa, Kuitika

Bibi yangu alikuwa akikaa uani juu ya mbuzi, akikuna nazi, na akiita jina la mtoto sauti ilifika hadi barabarani. Mimi nikiitwa nilipaswa kuitika "abee". Kaka yangu aliitika "naam". Hakuna aliyetukalisha kutueleza. Tulikuta liko hivyo, kama tulivyoukuta mwembe uani. Siku moja, nikiwa na miaka minane hivi, bibi aliniita nami nikaitika "naam". Sikukusudia ukorofi. Niliupenda tu mlio wake, mfupi na mzito. Bibi akaacha kukuna. Akaniangalia, machicha yamemganda vidoleni, akasema: "Rudi mlangoni. Nikuite tena, uitike kama mtoto wa kike." Nikarudi mlangoni. Akaniita. Nikaitika, "Abee, bibi." Akaendelea na nazi yake.

Nimelifikiria jambo hilo kwa zaidi ya miaka arobaini. Kwa neno moja la herufi nne niliwekwa mahali pangu: wa kike, mdogo, wa nyumba ile. Baadaye nilikuja kujua kwamba "abee" ni mabaki ya "labeka", neno lililotoka kwenye Kiarabu, lilelile ambalo mahujaji humwitikia Mola wao wakiwa njiani kwenda Makka. Katika pwani yetu lilikuwa itikio la mdogo kwa mkubwa, na la mtumwa kwa bwana wake. Bibi hakuwa akiwaza utumwa. Alikuwa akiwaza adabu. Lakini neno lilikuwa limebeba yote mawili, na mimi nikalimeza bila kutafuna.

Kitenzi chenyewe kinasema mengi. Ita ni ya mwenye sauti. Itwa ni ya yule ambaye sauti inamwangukia. Itika ni ya anayegeuka. Itikia ni ya wengi wanaojibu pamoja, na ndiyo iliyozaa kiitikio, yale maneno ambayo wimbo haukamiliki bila ya hadhira kuyasema. Mzizi mmoja, na ndani yake mna siasa nzima: nani ana sauti, nani anaangukiwa nayo, nani anageuka, na nani anaipa sauti nguvu kwa kuirudia.

Mwaka 1970 mwanafalsafa wa Kifaransa Louis Althusser, mzaliwa wa Algeria, alichapisha insha juu ya itikadi na vyombo vya dola. Mfano mmoja ndio ulioifanya ikumbukwe. Polisi anamwita mtu barabarani: wewe pale! Mtu anageuka. Kwa kule kugeuka tu, anasema Althusser, amekiri kwamba ndiye anayeitwa, na kwa kukiri amekwisha kuwa mtu wa dola. Hakuna aliyemtia pingu. Shingo yake mwenyewe imefanya kazi.

Miaka kumi na minane kabla yake, Frantz Fanon, daktari wa maradhi ya akili kutoka kisiwa cha Martinique, alikuwa ameeleza jambo la karibu na hilo, tena lenye uchungu zaidi. Akiwa Ufaransa, mtoto wa Kizungu anamwona na kumwambia mama yake atazame, mtu mweusi yule, anamwogopa. Fanon hakuitwa. Hakuna aliyengoja ageuke. Alitajwa, mbele ya uso wake, kama mtu anavyotaja mvua inayokuja. Tofauti hii ya kuitwa na kutajwa naishika sana. Anayeitwa ana upenyo mdogo wa kujibu. Anayetajwa hana hata huo.

Wahenga wa pwani walikuwa na fikra yao juu ya upenyo huo: kataa neno, usikatae wito. Ukiitwa, nenda. Ukifika, sikiliza unaloitiwa, na kama halikufai, likatae hapo hapo, mbele ya aliyekuita. Althusser angesema kwamba ukishafika umekwisha. Naamini wahenga walimwona mwanadamu vizuri zaidi. Sisi tunaishi ndani ya kuitana. Asiyeitika kabisa hana hata mahali pa kusimama akatae. Kwenda kwenye wito ni kupata kiwanja cha kusemea hapana.

Lakini methali hiyo ina sharti ambalo halikuhitaji kutamkwa zamani: wito uwe mbali na neno. Mjumbe anabisha hodi, anasema unaitwa kwa mzee fulani. Huo ni wito. Neno utalikuta huko. Utawala wa sasa na vyombo vyake vya habari umeviunganisha viwili hivyo. Neno limetiwa ndani ya jina unaloitwa. Ukigeuka, umelikubali neno kabla hujalisikia.

Nililelewa katika nchi iliyoniita ndugu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 neno hilo lilitoka kwenye mikutano ya TANU likaenea kila mahali. Barua ya ofisini ilianza na ndugu. Bungeni aliyesimama kuchangia alisema Ndugu Spika. Jioni ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule mpigaji asiyeona aliyezipiga ngoma nyingi kwa pamoja, zililia kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam kuashiria taarifa ya habari, na nyumba nzima ilinyamaza. Baba aliinua kidole. Hata kifuniko cha sufuria kilirudishwa polepole. Kisha mtangazaji akamtaja waziri, naye alikuwa ndugu, kama baba.

Sisemi usawa ulikuwepo. Katibu aliyeitwa ndugu alipata sukari kabla yetu, na kila mtu mtaani alijua. Ila neno lilimpa mlalamikaji mahali pa kushika. Nakumbuka mama mmoja kwenye foleni ya duka la ushirika, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akimwambia karani: "Ndugu, mbona sisi tumesimama hapa tangu alfajiri?" Sentensi hiyo ilikuwa na haki ndani yake. Aliyeitwa ndugu anadaiwa undugu. Karani alikasirika, lakini hakuweza kusema kwamba hakuitwa sawasawa.

Miaka ya 1990, pamoja na vyama vingi, mheshimiwa akashika nafasi. Ndugu akabaki zaidi kwenye vikao vya chama. Jaribu sasa kuanza sentensi ile na mheshimiwa. Haitaki kuendelea na "mbona". Inataka "tunaomba". Kinywa chenyewe kinajua njia. Na liangalie neno: mheshimiwa ni anayeheshimiwa. Heshima imekwisha kutendwa. Halikusema na nani, wala kwa lipi. Ni ile w ya kutendwa inayomkalisha mmoja juu kwenye mheshimiwa na kumlaza mwingine chini kwenye mtumwa, yaani anayetumwa. Mtume naye katoka kwenye kutuma huko huko, akabaki na ujumbe wake bila ile w. Herufi moja, na umbali wa mbingu na ardhi.

Siwezi kuupamba wakati wa ndugu bila kukumbuka 1983, msako wa wahujumu uchumi. Jirani yetu alikuwa na duka la sabuni, mafuta ya taa na vitambaa. Tulimwita mjomba. Katika wiki chache redio ilitufundisha neno mlanguzi, tukalirudia njiani tukitoka shule, kwa wimbo, kama watoto wanavyofanya. Sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba lina mdundo. Usiku mmoja tulisikia akivuta vitu uani kwake, na asubuhi duka halikuwa na kitu. Hakuna aliyemkamata. Lakini tangu siku hiyo alipotuona tukipita aliingia ndani, na mimi, niliyekuwa nikipewa pipi na mkono wake, nilikuwa nimeshiriki kumtoa kwenye ujomba. Kiitikio ndicho kilichofanya kazi hiyo. Redio ilianzisha tu.

Neno linalonisumbua kuliko yote, hata hivyo, ni mnyonge.

Azimio la Arusha linasema mahali panapokumbukwa na wengi kwamba unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe na kunyonywa, na kwamba mapinduzi yanayotakiwa ni ya kuuondoa. Huo ni unyonge, wenye u. Katika Kiswahili u hiyo hutupa hali: utoto, ujinga, ugonjwa, utumwa. Hali ina mwanzo, basi ina mwisho. Mtu anaweza kuvua utoto. Nchi inaweza kufuta ujinga. Unyonge ulikuwa kitu kilichotupata, kama vumbi linavyolipata shati.

Miongo mitano baadaye neno hilo lilikuwa limehama ngeli. Tangu 2015 magazeti na redio vilijaa wanyonge. Rais John Magufuli alisifiwa kuwa rais wa wanyonge, mtetezi wa wanyonge, na watu wengi walimpenda kwa hilo kwa moyo wao wote. Siwabezi. Nilimwona kijana akilia msiba wa Machi 2021 kama aliyefiwa na baba. Lakini unyonge ulipogeuka mnyonge, vumbi liligeuka kuwa ngozi. Mnyonge ni mtu, yuko kwenye ngeli ya mtu, ana jina hilo akilala na akiamka. Hali unaitaka iishe. Mtu huwezi kutaka aishe, unataka atetewe. Na anayetetewa anahitaji mtetezi siku zote, kwa hiyo mtetezi anahitaji mnyonge siku zote. Uhusiano huo hauna mlango wa kutokea.

Mwaka 2018 mwezi wa Desemba vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000. Mama mmoja ninayenunua kwake vitumbua alinionyesha chake, kimetiwa kwenye mfuko wa nailoni na kushonwa pindoni. Alikuwa na furaha ya kweli. Miaka yote mgambo walikuwa wakimwaga mafuta yake ya moto mtaroni. "Sasa hawanigusi," alisema. Nikakishika. Kile alichonipa hakikuwa na jina lake wala picha yake. Nikamuuliza, akanijibu kwamba haina shida, mgambo wanakijua. Ndivyo ilivyokuwa, walikijua. Oktoba 2021, chini ya serikali nyingine ya chama kilekile, wamachinga waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam, vibanda vikavunjwa, na kitambulisho kile hakikuweza kusema kitu. Alipoitwa mnyonge alipewa kinga. Haki ingebaki hata aliyempa akiondoka. Kinga iliondoka na mwenyewe.

Nadhani hata neno raia lina ukungu wa aina hiyo. Asili yake ya Kiarabu ni kundi linalochungwa. Mwananchi ni bora kidogo, mtoto wa nchi, ingawa mtoto naye huambiwa nyamaza. Hatuna jina la mtu wa dola ambalo halina mchungaji au mzazi nyuma yake, isipokuwa ndugu, nalo tumeliacha likae vikaoni na kwenye misiba.

Hayo ni majina yanayotuita. Yapo mengine yanayotutaja tu.

Julai 1993 kituo cha redio kiitwacho RTLM kilianza kurusha matangazo Kigali. Kilikuwa na mvuto: muziki wa Zaire, utani, watangazaji wanaozungumza kama watu wa mtaani. Ndani ya utani huo Watutsi walitajwa kwa neno inyenzi, yaani mende. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, majina ya watu, mitaa yao na hata namba za magari yao vilisomwa hewani. Hakuna aliyekuwa akiitwa hapo. Aliyetajwa hakutakiwa kuitika. Ilitakiwa wengine waitikie. Na kwenye vizuizi vya barabarani mtu alidaiwa kitambulisho, ambacho tangu utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930 kiliandikwa kabila. Mfano wa Althusser wa polisi na mpita njia ulitimia pale kwa namna ambayo falsafa haikuwahi kuiwaza. Mtu alisimamishwa, akageuka, na karatasi ikamwitikia kabla yeye hajafungua kinywa.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mambo hayo ilikaa Arusha, katika jumba la mikutano la AICC. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa hukumu 2 Septemba 1998, mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, alisimama kuwaeleza majaji maana ya maneno ya Kinyarwanda kama yalivyotumika wakati ule. Wanasheria kutoka mabara mbalimbali waliketi wakisikiliza habari za neno mende. Naona jambo kubwa sana hapo. Maana ya neno haikuwa kwenye kamusi. Ilikuwa kwa waliolisikia wakajua la kufanya. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, mwanahistoria, na Jean-Bosco Barayagwiza, wote wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini haikuwaachia.

Kenya ilipokaribia uchaguzi wa 2022, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya kuchochea chuki. Mlikuwa na madoadoa, mende, kwekwe. Naielewa nia yake, kwani waliofukuzwa majumbani baada ya uchaguzi wa 2007 walijua madoadoa ni nani. Ila kule Rwanda neno mojawapo la kuua lilikuwa kufanya kazi. Orodha gani itaandika neno kazi? Sumu haikai kwenye neno kama inavyokaa kwenye chupa. Inakaa kati ya anayetamka na wanaoitikia, na kesho itahamia kwenye neno safi.

Ndiyo maana sikubali kwamba msikilizaji ni chombo kitupu. Fanon huyohuyo, alipofanya kazi Algeria, aliona jambo ambalo nimelisoma mara nyingi. Waalgeria wengi hawakutaka redio nyumbani, kwa kuwa ilikuwa sauti ya Mfaransa. Mwishoni mwa 1956 ikaja Sauti ya Algeria Huru, na redio zikanunuliwa hadi madukani zikaisha. Jeshi la Ufaransa likavuruga mawimbi. Basi watu walikusanyika chumbani, mmoja akaweka sikio kwenye spika, na baada ya saa nzima ya mikwaruzo akawageukia wenzake. Wakamuuliza juu ya vita mahali fulani, naye akajibu. Alikuwa amesikia vipande tu, pengine hakusikia kitu. Taarifa ilijengwa chumbani, na wote ndio walioijenga. Baadaye vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika navyo vilipewa nafasi hewani Dar es Salaam, na naamini kwamba kule Msumbiji kulikuwa na vyumba kama hivyo. Mikwaruzo ile ya Algeria na wimbo wetu wa mlanguzi ni kazi moja ya kuitikia. Sauti iliyo juu haijakamilika mpaka walio chini waimalizie, nasi tunawajibika kwa tunavyoimalizia.

Nimebakiza maneno mawili. Watu wasiojulikana.

Yalianza kama maelezo ya kawaida ya polisi na waandishi. Mtu kavamiwa na watu wasiojulikana. Halafu, miaka ya 2016 na 2017, yalianza kurudiwa mno. Tarehe 7 Septemba 2017 mbunge Tundu Lissu alipigwa risasi mchana Dodoma, na waliompiga waliandikwa kuwa watu wasiojulikana. Watu wakachukuliwa majumbani, waliowachukua walikuwa watu wasiojulikana. Mwishowe "watu" ikadondoka. Ukakaa kwenye daladala ukasikia: wasiojulikana wamepita kwa fulani. Kivumishi kilikuwa kimegeuka jina. Sasa walikuwa na utambulisho, kama wafanyabiashara au walimu, na utambulisho wao ulikuwa kutojulikana.

Nisimame hapo kidogo, maana ujanja wote uko kwenye silabi mbili. Kila mtoto wa Kiswahili anajua tofauti ya kuvunjwa na kuvunjika. Sahani ikianguka mkononi mwako, humwambii bibi kwamba umeivunja. Unasema, sahani imevunjika. Imevunjwa ingemruhusu aulize, na nani? Imevunjika inakufichia. Bibi yangu alikuwa na jibu lake: "Imevunjika yenyewe?" Kisha alinyamaza, akaendelea kuniangalia mpaka nikajitaja.

Julikana iko upande wa vunjika. Ni nadra kusikia ikisemwa kwamba watu hao hawajulikani "na" fulani. Nafasi ya mtendaji imezibwa. Anayepaswa kuwajua ametoka kwenye sentensi bila kuaga. Na kuna ncha nyingine ndogo: wasio. Mwandishi angeweza kuandika "ambao hawajajulikana". Ja hiyo ni ahadi. Inasema bado, inasema kuna mtu anatafuta, inasema rudi kesho uulize. Wasiojulikana haina kesho. Ni sifa ya kudumu, kama urefu.

Hakuna mkuu aliyewapigia simu wahariri wote akawaamuru waandike hivyo. Sidhani. Neno lilikuwa jepesi, salama, linaingia vizuri kwenye kichwa cha habari. Kila mmoja alilichukua kwa mwenzake. Sisi wasomaji tukaitikia, tukaliongezea uchungu wetu, na tukadhani kulitamka kwa sauti ya chini ni kupinga. Ila kila tulipolitamka tulikubaliana na sentensi yake: kwamba yapo maovu yasiyo na mtendaji, na watu ambao si kazi ya mtu yeyote kuwajua.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokaa kwenye dawati la habari, na nawaomba kwa dhati kwa kuwa baadhi yenu ni wanafunzi wangu. Andikeni "hawajajulikana". Baada ya wiki andikeni tena, mkitaja ofisi ambayo wajibu wake ni kuwajua. Mkiandika habari ya mama anayeuza vitumbua, muulizeni mwenyewe anataka kuitwa nani kabla ya kumwandika mnyonge. Na ninyi mnaosoma, mkiitwa nendeni, lakini likataeni neno likiwa limetiwa ndani ya jina, hata kama ni jina la kubembeleza. Bibi aliponirudisha mlangoni nilikuwa mtoto, sikuwa na la kusema. Leo mjukuu wangu ananiitikia "naam", na mimi naendelea kukuna nazi.

Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa habari Kibiti, mkoa wa Pwani, akiandikia magazeti ya Mwananchi habari za mauaji yaliyokuwa yakitokea huko. Asubuhi ya 21 Novemba 2017 watu walimchukua kwa gari. Alimwambia mkewe kwamba ana safari ya dharura na atarudi kesho yake. Hajarudi.